Uwanja Msafi Karibu na Bwawa

Safari yetu ya kuzunguka nchi kwa gari, tukilala kwenye hema, ilinitia wasiwasi hata kabla hatujatoka Kitengela. Binti yetu alikuwa na miaka minne. Kuanzia Isinya sikuacha kugeuka nyuma kuangalia mkanda wake, maana malori ya Namanga yalikuwa yakitupita kwa fujo.

"Mama, huo mkanda hauendi popote," mume wangu akacheka. "Utauchosha kwa kuuangalia."

"Cheka tu. Nani alikwambia watu huacha nyumba zao wakalale porini?"

Tulipita Kajiado, tukapita Bisil, tukakata kona hadi kwenye bwawa moja lililozungukwa na vichaka. Nikagoma kushuka. Hapo pana nyoka, nikasema, mimi silali hapo ng'o! Mume wangu akatembea kidogo, akapata uwanja mtupu, hauna mwiba wala jani.

"Haya basi, Mama Wasiwasi. Hapa hata mjusi hana pa kujificha."

Nikapumua. Tukasimamisha hema, mtoto akalala humo kwa uchovu, nasi tukarudi kwenye gari kupika chai.

Mama mmoja wa Kimaasai akatokea na mtungi wake, anakuja kuteka maji.

"Takwenya," nikamsalimia.

Hakuitikia. Huku kwetu mtu hanyimi mwenzake salamu. Alikuwa akitazama hema.

"Toeni hiyo kitu!" akapiga kelele, akiangusha mtungi. "Hiyo ni njia ya ng'ombe! Leo ndiyo zamu yao ya kunywa, wako na kiu tangu juzi. Hawasikii mtu!"

Ndiyo maana palikuwa pasafi hivyo. Kwato ndizo zilizopafagia.

Vumbi lilikuwa limeshainuka nyuma ya vichaka, na kengele zikilia.

"Bado wako mb..." mume wangu akaanza, hakumaliza. Ng'ombe walikuwa wamenusa maji, wakaanza kukimbia.

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka zipu imekwama, nikilia, "Mungu wangu, Mungu wangu!" na mume wangu akalipasua hema kwa mikono. Nikamvuta mtoto kwa mguu, tukajitupa kando. Kundi zima likapita juu ya hema letu, mito na blanketi ndani yake.

Vumbi lilipotulia, yule mama aliokota mtungi wake, akaja akamgusa mtoto kichwani. Kisha akanitazama.

"Iko," akaitikia salamu yangu, kwa upole.

Hapo ndipo nilipolia vizuri. Nikaokota kilichobaki, sufuria na kiatu kimoja cha mtoto, nikarudi kwenye gari.

Mume wangu alikuwa ameketi kiti cha nyuma. Gari lilikuwa limezimwa. Alikuwa amemfunga mtoto mkanda, na bado ameushika.