Maziwa ya Nawoi Hayakuharibika

Madumu kumi na tano yaliondoka Kakuma asubuhi. Yalipofika Lodwar, kumi na manne yalikuwa yamechacha.

Zima lilikuwa moja tu. La Nawoi. Siku ya nne mfululizo.

Mimi ni mtaalamu wa vyakula. Kazi yangu ni kupima maziwa ya ngamia ya kina mama wa kikundi kabla hayajapakiwa. Mnunuzi wa Lodwar alishanipigia: "Makena, yakiharibika tena wiki hii, mimi nimeacha."

Nilichoka mpaka nikataka kulia. Kuosha madumu nimewafundisha, kuwahi ubaridi wa asubuhi nimewafundisha. Sasa nini?

Nikajiambia, huyu mama anatia dawa.

Nikapima dawa mara tatu, hakuna. Badala ya kupoa, nikazidi kuwaka. Nikamkabili mbele ya wenzake.

"Mama Nawoi, sema unaweka nini."

"Mimi naweka maziwa."

"Basi usilete tena."

Alibeba dumu lake akaondoka kwa miguu. Na ndiye anayetoka mbali kuliko wote. Huamka kukiwa giza ili awe wa kwanza kwenye foleni.

Kesho yake lilifika zima dumu moja tu. La Atabo, ambaye maziwa yake hayakuwahi kufika salama.

"Umebadilisha nini?" nikamuuliza.

"Hakuna. Leo tu nilikuwa namba moja, Nawoi hayuko."

Nikakaa chini.

Kila asubuhi kipimajoto changu hutoka kwenye dawa ya kuua vijidudu, safi, kisha huingia dumu la kwanza. Kisha nakisuuza kwenye ndoo ya maji, nakiingiza la pili. Nakisuuza kwenye ndoo ile ile, nakiingiza la tatu. Mpaka la mwisho.

Nikapima maji ya ile ndoo: yalikuwa yamejaa vijidudu vya kuchachusha maziwa. Aibu niliyoipata siwezi kuisimulia yote.

Nilimfuata Nawoi kwake kwa bodaboda, nikamwomba msamaha. "Ejok," akasema kwa Kiturkana, yaani sawa, basi.

Asubuhi alikuja mapema kama kawaida, lakini akasimama nyuma ya wote. Nikamwita mbele.

"Hapana. Leo anza na wao. Nataka kuona yangu yakiwa ya mwisho."

Nilikifuta kipimajoto kwa spiriti kabla ya kila dumu.

Yote kumi na tano yalifika mazima.

Wenzangu wa koti jeupe, kitu kikiharibika kwa wote isipokuwa mmoja, anzeni na kilichopita mikononi mwenu. Mimi nilimfukuza shahidi wangu pekee.