Chemba Mpya ya Verlin

Mume wangu Verlin Haugen hajui kutulia. Kahawa anainywa wima, mara yuko dirishani, mara stoo. Tangu bunduki yake ya kizamani ianze kukosa shabaha, ndiyo kabisa! Akabadilisha kitako. Akabadilisha vilengeo. Mwishowe akaipeleka kwa fundi achonge upya chemba, lile tundu la risasi nyuma ya mtutu, iingie ganda refu lenye baruti zaidi.

"Shida ilikuwa chemba tu, Lorna. Utaona."

"Haya, bwana. Mwezi jana ilikuwa kitako tu."

Wiki nzima jiko langu lilinuka madini yaliyoyeyuka. Alisubu risasi zake mwenyewe, akazipaka mafuta ya nta, zenye kasoro akazirudisha sufuriani huku akigomba.

Jumamosi tukaenda uwanja wa shabaha, upepo wa Montana ukitupiga usoni. Jirani yetu Orrin Teague alikuwa keshalala kwenye mkeka wake.

"Mzee, bunduki umeibadilisha yote," akacheka. "Bado mwenyewe tu!"

"Funga domo, Orrin. Leo ikishindwa, naiuza."

Bunduki ile ndiyo pekee inayomtoa nyumbani tangu mgodi wa shaba alikofanya kazi ufungwe.

Risasi ya kwanza ikamwangusha kondoo wa chuma, shabaha yetu kule mlimani. Ya pili ikatua kando. Ya tatu hata vumbi lake sikuliona kwenye darubini. Verlin akatukana, akachomeka kibomba chake cha kupulizia nyuma ya mtutu, akapuliza. Sisi wa baruti nyeusi hupuliza kila baada ya risasi, unyevu wa pumzi ulainishe masizi, la sivyo risasi inayofuata inapotea. Nikamsikia: fyuu, fyuu, kisha kifua kikapiga filimbi, akakohoa mpaka macho yakamtoka.

Nikamnyang'anya kibomba.

"We mwanamke, una wazimu?"

"Nyamaza, lala hapo!"

Nikapuliza kwa pumzi yangu yote, tena na tena. Akafyatua. Ngwaa! Kondoo chini. Nikapuliza tena, na mwingine akaanguka.

"Ndiyo hiyo chemba!" Orrin akapiga kelele, akirusha kofia.

Verlin alikitazama kibomba mkononi mwangu, akaiweka bunduki chini taratibu, akaketi mkekani na kutulia. Nikaogopa.

"Lorna," akasema, "yule daktari wa vifua uliyenisumbua naye mwaka mzima. Jumatatu yupo?"