Foleni Niliyoirudisha Nyumbani

Sijuti, na msinicheke. Siku yangu ya tatu HR, ofisi ya wafanyakazi, kiwanda cha biskuti hapa Thika, digrii bado mbichi, bosi akaniambia, “Vibarua wanaotafuta kazi getini, waambie leo hakuna.”

Nikakuta foleni ndefu getini. Nikapaza sauti: “Leo hakuna kazi, rudini nyumbani!” Wakanipigia makofi, wakatawanyika mbio. Nikajiona meneja kabisa.

Baadaye bosi akaniita ndani. Mashine zimenyamaza, hakuna mtu. Kumbe niliwafukuza wafanyakazi wetu wenyewe, waliokuwa wakingoja zamu ya kuweka kidole kwenye mashine ya kusajili waliofika kazini.

“Nani aliwaambia waende?” bosi akauliza.

Soja, mlinzi wa geti aliyeitwa pia, akaninyooshea kidole. “Ni huyu madam mpya.”

Dirishani niliwaona wale vibarua wa kutafuta kazi, wametulia ng'ambo ya barabara wakinywa chai. Nikainua kichwa.

“Bosi, wale bado wapo. Nichukue wangapi?”