Lempi Kangas Aomba Lifti

Lempi Kangas aliendesha basi la mji wa Duluth mpaka magoti yakagoma. Akakabidhi funguo, akakatiwa keki, akaenda nyumbani. Na huko nyumbani ndiko kazi ilikokuwa ngumu, maana asubuhi ilimkuta hajui aianzie wapi. Mumewe Onni alikwisha kufa, wanawe wawili wako mbali, mmoja Arizona kwenye joto lake. Basi Lempi akawa anaketi dirishani na kikombe cha kahawa, anatazama mtaa wao unavyoteremka kuelekea ziwani, na kila siku alichokiona ni wazee wenziwe wakihangaika. Mzee Orville anapiga koleo theluji, kila baada ya koleo moja anasimama kushika kifua. Bi Beverly wa nyumba ya kijani anashuka ngazi kinyumenyume kwa sababu ya nyonga yake mbovu, kama mtoto anayejifunza.

Siku moja Lempi alichoka kutazama. Alioka mkate wa iliki, ule wa Kifini aliofundishwa na bibi yake, akawaita wastaafu wa mtaani kwenye chumba cha chini cha kanisa. Walikuja fundi bomba, muuguzi, walimu, na mabaharia wawili wa meli za ziwani. Mkate ulipokwisha, chama kilikuwa kimezaliwa: Majirani wa Mlimani. Kazi yake haikuwa na maneno mengi. Mstaafu mwenye nguvu amsaidie aliyepungukiwa nguvu, ili kila mtu azeekee nyumbani kwake. Kupelekana hospitali, kubadilishiana balbu, kutoleana theluji mlangoni, na kukaa tu na mtu mkaongea. Uenyekiti wakampa Lempi, wala hawakupiga kura.

"Huyu ametuamuru tusogee nyuma ya basi miaka yote," alisema Mzee Orville. "Tumeshazoea."

Nami naweza kusema chama kile kilimrudishia Lempi asubuhi zake. Akawa ndiye dereva mkuu. Akimpeleka mtu kwa daktari, humngoja, humrudisha, na njiani hupita dukani kumnunulia maziwa. Kila wiki huwakaribisha wenziwe jikoni kwake kula ule mkate wa iliki. Hakujua kazi nyingine iliyomfaa kama hiyo, na kila alipogeuza ufunguo wa gari alishukuru kimoyomoyo.

Ndiyo maana habari ya macho ilimuuma sana. Mwanzoni mwa baridi daktari alimwambia ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Asipopasuliwa, leseni yake haitaongezwa muda majira ya kuchipua. Upasuaji wenyewe ni mfupi, alisema, jicho moja kwanza, la pili baadaye, watu hutoka wakicheka. Ila hospitali ina sharti: lazima aje na mtu wa kumrudisha nyumbani, na awe na mtu wa kulala kwake usiku ule wa kwanza. Bila mtu, hapasuliwi.

Lempi akaahirisha, akasema ana mafua. Akaahirisha tena, akasingizia theluji. Hospitali wakampa Alhamisi moja ya mwisho, wakamwambia akiikosa hiyo atarudi nyuma ya foleni mpaka kiangazi, na kufika kiangazi leseni itakuwa imekwisha kufa. Watu wa kuwaomba alikuwa nao, tena chama kizima. Neno la kuombea ndilo halikutoka. Aliyezoea kushika usukani huona tabu kukaa kiti cha pembeni.

Sasa, kulikuwa na Calvin Thibodeaux. Huyu alikuwa postamasta mstaafu kutoka Louisiana, mtu mpole wa sauti nzito, aliyemfuata binti yake aliyeolewa huku kwenye baridi. Chama kilimpa simu, awe anawapigia wazee kuwauliza shida zao. Jumatatu ile alikuja chumba cha chini cha kanisa akiwa ameinamisha uso.

"Mama mwenyekiti, tufunge duka," alisema. "Hakuna mwenye shida. Nimewapigia wote. Beverly anasema hajambo. Orville anasema hajambo. Kila mtu hajambo. Watu wetu wa kujitolea wanakuja hapa kunywa kahawa tu."

Lempi alimtazama. "Ndugu Calvin, ulimuuliza Beverly mara ngapi?"

"Mara moja. Akasema hapana, asante. Sasa nimng'ang'anie?"

Lempi akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Ewe mwana wa watu. Hapana ya kwanza hapa kwetu ni salamu. Ya pili anakupima kama umekusudia. Ukimuuliza mara ya tatu ndipo atakwambia, basi kama ulikuwa unapita huku hata hivyo. Na hapo ujue mtu yuko taabani."

"Na nyote mnaijua kanuni hii?"

"Kanuni gani? Hiyo ni adabu."

"Kwetu mtu akiwa na njaa husema ana njaa," alisema Calvin. "Halafu analishwa. Mambo yanakwisha mapema, jioni tunapata muda wa kucheza."

Lakini alishika simu akaanza upya. Beverly alikataa, akakataa, kisha akasema kama kuna mtu anapita huku, bafuni hana cha kushikilia na wiki iliyopita alianguka. Orville alikataa huku akikohoa, mwisho akakiri kwamba king'ora chake cha moshi kinalia usiku kucha na hawezi kupanda ngazi. Kufika mchana fundi bomba na mabaharia walikuwa wametawanyika mtaani na visanduku vyao vya vifaa, wana furaha kama watu walioitwa harusini.

Jumanne Lempi na Calvin walitoka pamoja kumpelekea Beverly vyuma vya bafuni. Lempi ndiye aliyeendesha. Barabara za mlima ule alizijua kwa mwili: hapa kata, hapa kanyaga breki, hapa mzee Fulani hutoka bila kutazama. Alikuwa akiendesha kwa kukumbuka kuliko kwa kuona, na hakuna aliyejua. Ila baraza la mji lilikuwa limesimika kibao kipya cha kuamuru magari yasimame kwenye njia panda iliyo chini ya shule. Lempi alikipita kama hakipo. Gari la mkate lililokuwa likikata kona lilipiga honi ndefu, likayumba, likaenda zake.

Walipofika kwa Beverly na injini ikazimwa, Calvin alimgeukia.

"Dada Lempi, kile kibao kilikuwa chekundu."

"Jana hakikuwepo."

"Kipo tangu wiki iliyopita. Macho yana nini?"

Lempi alishika usukani ingawa gari limezimika. Akamweleza yote, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba: mtoto wa jicho, sharti la hospitali, Alhamisi. Akamalizia, "Nitapiga simu kesho niahirishe. Kuna barafu."

"Nitakupeleka mimi."

"Hapana, asante. Una wajukuu."

"Wajukuu wako shule. Nitakupeleka, na Beverly atalala kwako."

"Beverly na nyonga yake? Hapana, msijisumbue."

Calvin akaitikia kwa kichwa, akatazama mbele. Lempi akangoja. Theluji nyembamba ilikuwa ikitua kwenye kioo, na yeye alikuwa na jibu lake tayari mdomoni, lile la kusema basi kama ni hivyo. Calvin hakuuliza tena. Alifungua kamba za boksi la vyuma, akazifunga, akazifungua.

"Mbona umenyamaza?" Lempi aliuliza mwishowe.

"Mimi nimeshauliza. Sasa zamu yako."

"Wewe bado una moja, ya tatu."

"Hiyo siitoi. Ulinifundisha adabu ya kwenu, nami nakufundisha ya kwetu. Sema una njaa."

Lempi aliona joto likimpanda usoni. Alikasirika, tena sana, kiasi kwamba kama mtu angemfungulia mlango angeshuka akaenda nyumbani kwa miguu kwenye barafu. Kisha akafikiria lile gari la mkate na mtu aliyekuwa ndani yake, ambaye hata sura yake hakuiona. Akafikiria mikono yake bila ufunguo. Akajikaza kisabuni.

"Calvin," alisema, na sauti ilimtoka ndogo, "naomba unipeleke hospitali Alhamisi. Naogopa."

"Saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi."

"Nitakuja," alisema Calvin. Akazunguka gari, akachukua funguo mkononi mwa Lempi, kwa maana siku ile hakumruhusu kuendesha tena.

Alhamisi alimpeleka, akamngoja, akamrudisha taratibu kama anabeba mayai. Jioni Beverly alipanda ngazi za Lempi kwa nguvu za mabaharia wawili, na mkoba wake wa kulalia ukaletwa na Orville. Majirani walileta mabakuli ya tambi na nyama na jibini mpaka friji ikakataa kufungwa.

Asubuhi yake, baada ya kifungua kinywa, Lempi alibandua kifuniko alichowekewa kwenye jicho lililopasuliwa, kama alivyoelekezwa. Akageukia dirisha la jikoni. Ziwa lilikuwa na rangi aliyokwisha kuisahau. Akamtazama Beverly, akaona mikunjo yote ya uso wake na vile macho yake yalivyo ya kijivu. Halafu akatazama ukuta juu ya jiko.

"Beverly. Nyumba yangu chafu hivi tangu lini?"

"Kama miaka miwili, shoga."

"Na mnakuja kila wiki, mnakula humu, hakuna aliyesema?"

"Mkate ulikuwa mtamu," alisema Beverly. "Kitambaa kiko wapi?"

Lempi alikuwa amekatazwa kuinama. Alionyesha kabati la chini ya sinki, akajimiminia kahawa, akasema, "Ahsante, mpenzi wangu. Anzia pale juu ya jiko."