Mbwa Wangu Alivyopimwa Pamoja na Majani ya Chai

Nianze kwa kuomba radhi. Mwandiko wangu umelala upande mmoja, na herufi nyingine sina hakika nazo, maana niliishia darasa la saba na tangu hapo mikono yangu imeshika chai kuliko kalamu. Mkisoma polepole mtanielewa, na mkicheka nitajua mmenielewa.

Aibu yenyewe ni hii: nilisifiwa mbele ya wachumaji wote kwa uzito ambao haukuwa wa majani, nami nikanyamaza.

Nachuma chai huku upande wa Amani, ingawa kwetu ni Soni. Nina chumba kimoja kambini, naondoka alfajiri ukungu ukiwa bado umekaa mlangoni, narudi alasiri. Mlinzi wa kiwanda alipohamia kwao aliniachia mtoto wa mbwa, dume, rangi ya majivu, nami (sijui nilikuwa nawaza nini) nikampokea. Jina sikumpa, nilimwita Wewe. Jioni zilikuwa nzuri, tunakaa kizingitini tunaangalia mawingu yakipanda kutoka bondeni, kama watu wawili wasio na la kusema. Tatizo lilikuwa mchana. Nikimfungia ndani analia tangu ninapotoka mpaka ninaporudi, na jirani yangu ana zamu ya usiku kiwandani, mchana ndio usingizi wake. Siku ya nne akaniambia, "Mgosi," (ndivyo tunavyomwita mwanamume huku) "mimi sina ugomvi na wewe. Ila kesho akilia namfungulia mlango, aende atakakokwenda."

Kesho yake nikamtia kwenye kapu la kuchumia.

Nilipanga hivi: alale chini kabisa juu ya sweta langu kuukuu, mimi nichume, na kabla ya kupima nimfiche kichakani. Jambo dogo tu. Lakini mjue kwamba juma lile lile mchumaji mmoja alifukuzwa kwa kukutwa na jiwe la kuongeza uzito chini ya majani yake, na msimamizi wetu, Bwana Elia, alisema atakayefuata hatapewa hata nafasi ya kujieleza.

Basi asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito, huoni mstari wa tatu, unasikia sauti za wanawake tu kama zinatoka mawinguni, na mimi mgongoni nina joto, kitu kinapumua taratibu, kinapanda, kinashuka, na mikono yangu ikawa inachuma yenyewe, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka nikasahau kama nina miguu. Bi Zubeda, mama mtu mzima anayechuma mstari wa jirani (ndiye aliyeniombea kazi hii), akaniangalia.

"Mwanangu, mbona unayumba kama mlezi anayebembeleza?"

"Baridi, mama."

"Baridi haibembelezwi."

Filimbi ya kupima ikanikuta bado niko ndotoni. Nilitaka kuchepuka kichakani, Bi Zubeda akanishika mkono twende pamoja, nami sijui kumkatalia mtu mzima, nikajikuta kwenye foleni, na mara kapu langu likawa linaning'inia kwenye mizani.

Bwana Elia akaangalia mara mbili. Huyu ni mtu asiyesifu hata mvua. "Kumi na saba," akasema. "Asubuhi moja, tena kwenye ukungu. Njooni mumwone kijana." Watu wakaja. Akasema nionyeshe mikono, nikaionyesha. Akasema niwaeleze wenzangu nimefanyaje, na mimi tangu shuleni nikiitwa mbele nasahau hata jina langu, nikasema, "Sikusimama." Wakapiga makofi. Pale ndipo nilipopaswa kusema. Lakini kila nilipofungua mdomo nililiona lile jiwe, nikaufunga.

"Bi Zubeda, hebu shusha kapu, umwage hapa, watu waone majani yalivyochumwa," Bwana Elia akasema.

Akainamisha kapu. Ilitangulia chai, kisha akatoka Wewe juu ya sweta, amelowa mkojo wake mwenyewe, jani moja kichwani. Akapiga miayo, halafu akamlamba Bi Zubeda mkono mpaka kiwiko.

Bwana Elia akamwangalia mbwa, kisha akaniangalia mimi.

"Jiwe lako lina macho," Bwana Elia akasema. "Haya, nenda kachukue vitu vyako."

Nikainama kuokota sweta langu. Aliyesema ni Bi Zubeda, mkono ameunyoosha mbali na nguo zake kama si wake.

"Bwana Elia, mwizi anatia jiwe kwa sababu jiwe halili. Huyu ametia kitu kinachokula ugali wake. Huo si wizi, ni ujinga. Na kama mtu anafukuzwa kwa ujinga, hapa tungebaki wangapi?"

Watu wakacheka, na Bwana Elia naye akacheka puani. Akampima Wewe peke yake: kilo tatu. Majani yangu yote yakatupwa (nani anywe chai ile), nikapewa siku tatu za kupalilia, na kazi ikabaki.

Lakini aibu haikuishia pale. Bi Zubeda ni mtu wa sala, na kwetu Waislamu mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Nani ammiminie maji kama si mimi? Tulishuka kijitoni, nikawa namwagia kwa kopo, na wachumaji wamejipanga ukingoni wanahesabu kwa sauti kama watoto wa shule. Ilipofika ya nne akaniuliza taratibu, "Mdomo umepewa wa nini, mwanangu? Ungeniambia kule mstarini, ningekukinga ukamficha."

"Niliona haya, mama."

"Na sasa je?" Akasogeza mkono. "Mwaga. Ya tano."

Tangu siku ile kambi nzima inamwita mbwa wangu Kilo Tatu, ingawa amekwisha kupita hapo. Nami nimeapa, sifa isiyo yangu nitaikana pale pale, hata kwa kutikisa kichwa tu. Ila mchana bado unanishinda; jirani amekubali kuvumilia kidogo, mradi nisimwache peke yake kutwa. Wakati wa mapumziko nakimbia mteremko mzima, namfungulia, namwekea maji, nakaa naye dakika chache, kisha napanda tena ninahema na kila siku nachelewa.

Kwa hiyo naomba, kama yuko mtu anayefanya kazi kutwa na anafuga mbwa, aniandikie anafanyaje mchana. Msiniandikie tu kwamba nimtoe. Hilo nimekwisha kuambiwa na kambi nzima, na yeye mwenyewe amekaa pale pale anasikiliza.