Waliosema "Naomba" Wakapewa Sifuri

Saa mbili asubuhi, stoo ya vifaa vya michezo imegeuzwa chumba cha mtihani. Mipira imesukumwa pembeni, na viti viwili vya darasa la kwanza vimewekwa vikitazamana. Kwenye kimoja amekaa mwanamke mnene wa miaka arobaini na sita, kwa hadhari, maana anajua kiti cha mtoto kinavyoweza kumwaibisha mtu mzima.

Mbele yake yuko binti wa miaka saba mwenye pengo. Mwanamke anamwonyesha picha: mtoto anaruka kamba, mwingine amesimama anamtazama.

"Huyu naye anataka kuruka. Afanye nini?"

"Aseme, naomba na mimi niruke."

"Na akikataliwa?"

Binti anafikiri, ulimi ukicheza kwenye pengo. "Aseme, basi naomba ukichoka unipe."

Mwanamke anaandika jibu neno kwa neno, anamshukuru mtoto, anamwita anayefuata. Uso wake hauonyeshi kitu, ndivyo kazi inavyotaka. Lakini anajua kwamba kwa majibu hayo mawili, yenye adabu na akili tele, ofisi itampa binti huyu sifuri.

Hii ni shule yake ya tatu, na kote wanamwita Mama Picha. Ni mdadisi wa mradi unaopima jinsi watoto wa shule za msingi wanavyotatua matatizo baina yao: kugombea kitu, kutengwa kwenye mchezo, kusingiziwa. Ni picha nane, dakika ishirini, mtoto mmoja mmoja. Yeye huandika tu. Alama hutolewa ofisini kwa kufuata mwongozo.

Kabla ya hapo alifundisha chekechea miaka kumi na moja, akiamua kesi za penseli zilizopotea na marafiki walionuniana kabla ya chai.

"Watoto wana siasa kutushinda sisi," anasema huku akicheka. "Kazi hii naipenda. Ndiyo maana imeniuma."

Kilichomuuma kilikuja mwezi uliopita, majibu ya shule ya kwanza yaliporudi. Kati ya watoto 112, watoto 79 walikuwa chini ya mstari wa kufaulu. Alidhani karatasi zimechanganywa. Akakaa na nakala zake mezani nyumbani, mumewe akimsomea majibu, yeye akifuatisha alama kwa kidole. Penye "ananyang'anya," sifuri. Sawa. Penye "anamwambia sasa zamu yangu," mbili. Sawa pia. Na kila penye "naomba," sifuri.

Akaufungua mwongozo. Ukurasa wa tisa ukamjibu: "Mtoto anayeomba badala ya kujieleza, apewe sifuri."

Mwongozo ule ulitungwa kwa lugha nyingine, na aliyeutunga alimkusudia mtoto anayelialia na kubembeleza. Mfasiri akaandika "kuomba," akaenda zake. Walioajiriwa kutoa alama wakalitafuta neno, wakaliona, wakachapa sifuri kila lilipotokea bila hata mmoja wao kukuna kichwa. Na wote wamezaliwa ndani ya Kiswahili! Wote walifunzwa na mama zao kwamba hata maji ya kunywa hayaitishwi kwa "nipe." Huu si ugumu wa lugha. Ni uvivu, na uvivu wa wakubwa hulipiwa na wadogo.

Walio chini ya mstari huondolewa kwenye vipindi vya michezo na kuimba, na kupelekwa darasa la marekebisho. Nyumbani hutumwa barua. Fundi cherehani mmoja, mama wa binti aliyepimwa shule ile ya kwanza, aliambiwa mwanawe "hana uwezo wa kutatua migogoro." Akamkalisha mtoto chini, akamuuliza alijibu nini huko. Mtoto akasema alisema naomba.

Tangu siku hiyo, anaeleza fundi, mkasi unachukuliwa mezani kimyakimya, na mdogo mtu ananyang'anywa chakula mkononi. Akikemewa, binti anajibu kwamba naomba ni kosa, shule imesema.

"Miaka saba nimemfundisha neno moja," anasema fundi. "Barua moja imelifuta."

Mama Picha alipolisikia hilo, alikwenda moja kwa moja kwa msimamizi wake, kijana mpole wa umri wa mwanawe wa kwanza. Kijana alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema mwongozo ni mwongozo, na kwamba wakiugusa sasa, hesabu za hapa hazitalingana na za kwingine. Akamsogezea majibu ya shule ya pili, fomu 61.

"Naomba usaini hapa, mama."

"Hapo, mwanangu, umepata sifuri."

Kijana alicheka, kisha akaacha kucheka. Alama hazikubadilika.

Bila sahihi ya mdadisi majibu hayasogei na barua haziandikwi; ya shule ya kwanza alishayasaini kabla hajaufungua mwongozo. Fomu zile 61 aliondoka nazo bila kusaini; ziko kwenye kabati la mwalimu mkuu wa shule hiyo ya pili, ambaye tangu wiki iliyopita haoni ufunguo wake ulipo, na wala hautafuti sana. Lakini mkataba wa Mama Picha unaisha mwisho wa mwezi, na ameshadokezwa kwamba wanaokwamisha kazi hawaitwi tena. Mumewe ni dereva ambaye lori lake liko gereji mwezi wa tatu sasa. Nyumba ya watu watano inaegemea mshahara mmoja.

"Naogopa, nisikudanganye," anasema. "Lakini nikitia sahihi, nimekubali kwamba watoto hawa ni wabovu. Na mbovu hapa ni karatasi."

Jumatatu ni mkutano wa wazazi wa shule hiyo ya pili, na mwalimu mkuu amempa nusu saa. Hatapeleka majina. Atasoma majibu tu, moja baada ya jingine, na baada ya kila jibu atawauliza wazazi: anayeona mtoto huyu anastahili sifuri, anyooshe mkono.

Na usiponyooka hata mkono mmoja?

"Basi sahihi yangu wataipata," anasema, akichonga penseli kwa ajili ya mtoto anayefuata. "Nitaiweka chini ya alama watakazotoa wazazi, si za ofisi. Ofisi ije iwaambie wao kwamba walikosea kulea."