Bafta ya Aoko

Wako watu mpaka leo, ukitaja duka letu, watakwambia, ah, pale kwa Mama Bakari, pale wanapouza penseli feki. Hasira hunipanda kila nikisikia. Aliyeanzisha maneno hayo ni Aoko, na nikikueleza habari zake utajua kwa nini sijawahi kuyapinga.

Duka aliniachia marehemu mume wangu, Idd, karibu na msikiti hapa Kisumu. Tuliuza madaftari, kalamu, wino, kadi za Krismasi na za Idi. Aoko aliingia mara ya kwanza mwaka wa 1986. Alikuwa mama wa Katito aliyeolewa Nyamasaria, mrefu, mwepesi wa ulimi, na kazi yake ilikuwa kuchora vitambaa. Unavijua vile vitambaa vyeupe vya makochi na meza, vyenye maua na ndege wa nyuzi za rangi? Basi kabla ya sindano kuna penseli. Aoko alichora kwa mkono mtupu, bila kunakili popote, halafu kina mama wa kikundi chao cha kanisa wakashona juu ya mistari yake. Bibi harusi wa upande ule akiolewa bila seti ya Aoko, watu waliuliza kulikoni. Alilisha watoto kwa kazi ile, na jina lake pia lilikuwa ndani ya kazi ile.

"Mama Bakari," aliniambia siku hiyo, "nipe penseli yenye inaandika kweli. Si hii ya watoto wa shule."

Nikamtolea HB na 2B. Nikamweleza kama Idd alivyonifundisha: ukiona B ujue penseli ni laini na nyeusi, na namba ikipanda, ulaini na weusi navyo vinapanda. Wala hakunisikiliza. Alitoa kipande cha bafta, kitambaa chepesi cheupe, kwenye mkoba, akailamba ncha ya penseli ya kwanza, akapiga mstari. Akailamba ya pili, akapiga mwingine chini yake. Akachagua HB.

"Hii haina kiburi," akasema. "Inajificha chini ya uzi, na ukifua mara moja, imeenda."

Bafta ile hakuitupa. Kila alipokuja kununua aliitoa, akalamba, akapiga mstari mpya chini ya ule wa mwisho, akaangalia kwa makini kama mtu anayenunua ng'ombe. Nilikuwa namcheka. Namwambia, "Dada Aoko, mchagua jembe si mkulima!" Naye ananijibu, "Wewe cheka tu. Bibi harusi akilia, halii kwako."

Vita vilianza mwaka wa 1988. Aliingia bila hata kunisalimu, akasimama mbele ya kaunta, na mpaka niliposema "Karibu" ndipo akanigeukia.

"Mama Bakari, siku hizi unaniuzia nini? Hii kitu haiandiki!"

Nikaichukua, nikachora kwenye gazeti. Nyeusi. Nikamwonyesha. Akasema hiyo unaita nyeusi? Akaondoka na 2B. Mwaka uliofuata 2B nayo ikawa haifai, akachukua 4B. Loo, nilichanganyikiwa! Nilidhani ni jua la dirishani linaloziharibu, nikazihamishia kabatini. Halafu nikadhani ni unyevu wa ziwa, nikazirudisha dirishani. Nikamwandikia barua kali yule muuzaji wa jumla wa Nairobi, akanijibu kwamba wateja wake wote wanazisifu. Nikamhama, nikatafuta mwingine. Aoko akaja, akapiga mstari kwenye bafta, kisha akaipeleka mlangoni juani, akaiinua karibu na uso, huku wapita njia wanatazama. Nilikasirika mno. Nilijua ananitangaza, watu waone bidhaa zangu mbovu.

"Yawa, hata hii imefifia," akasema. Na huko sokoni, nikaambiwa, alikuwa akisema hivyo hivyo.

Tukafika 6B. Ile ukiishika tu, vidole vinakuwa kama vya mtu aliyesugua sufuria. Nikasema sasa nitapumzika. Wapi! Mwezi mmoja baadaye, mwaka wa 1991, aliingia Nelima, mshonaji hodari kuliko wote katika kikundi chao, akabwaga kitambaa cha meza juu ya kaunta.

"Mama, wewe unamuuzia Aoko makaa?"

Nikakitazama. Mistari ilikuwa minene, imepakazika kila mahali, na uzi mweupe umegeuka rangi ya majivu. Kuna petali zilizopandana. Kuna ndege mwenye midomo miwili. Nelima alisema wamekifua mara tatu na weusi haujatoka. Binti mmoja wa Maseno aliyekuwa anaolewa aliikataa seti nzima, akalia mpaka mama yake naye akalia. Alhamisi kikundi kitakutana, na mwenyekiti ameshasema kazi ya kuchora apewe mtu mwingine.

"Wampokonye Aoko?" nikauliza.

"Watafanyaje? Na mimi sitaki. Ni yeye alinifundisha kushika sindano."

Sasa nieleze wewe. Penseli ni hiyo hiyo moja. Huyu anasema haionekani, huyu anasema inachafua. Nani mwenye wazimu? Siku ile nilimchorea mstari kila mteja aliyeingia na kumuuliza, mpaka mwalimu mmoja akaniuliza kama mimi mwenyewe mzima. Niliwaza labda bafta ndiyo mbovu. Niliwaza labda kuna mwenye duka anayemtuma Aoko aje kunimaliza. Usingizi wenyewe ulinikimbia. Nikamtumia Nelima ujumbe: Jumatano asubuhi mlete Aoko, tumalize maneno haya.

Walikuja. Aoko alikuwa amefunga kitambaa kipya kichwani, yuko tayari kwa ugomvi.

"Leo utasema ukweli mbele ya shahidi," akaniambia.

"Na wewe utauona," nikamjibu. "Toa hiyo bafta yako."

Akaitandaza juu ya kioo cha kaunta. Wallahi moyo wangu ulifurahi. Ushahidi wote ulikuwa pale, miaka mitano, mstari chini ya mstari. Ule wa juu ni mwembamba kama unywele. Kadiri unavyoshuka, mistari inazidi kukolea, na wa mwisho kabisa ni masizi matupu.

"Tazama kwa macho yako!" nikasema kwa sauti, maana nilitaka hata wa nje wasikie. "Mstari wa mwisho ni wa mwezi uliopita. Uwekee kidole, halafu uniambie kama umefifia!"

Aoko akainama. Akainama mpaka paji la uso likakaribia kugusa kioo. Kidole chake kikatembea polepole juu ya bafta, kikaivuka mistari yote, kikatua chini kabisa, pale ambapo hapakuwa na kitu.

"Huu," akasema. "Si unaona? Karibu haupo."

Nelima akajiziba mdomo kwa mkono. Mimi nilikuwa nimeshinda, na nilitamani ardhi inimeze. Nikakumbuka anavyosubiri sauti yangu kabla ya kunigeukia. Nikakumbuka mlangoni, juani. Na mimi na mdomo wangu, mchagua jembe si mkulima! Niliuona ulimi wangu mchungu.

"Mbona mmenyamaza?" akauliza. Akaondoa kidole, akaikunja bafta taratibu. "Nelima, toka kidogo uangalie kama mvua inakuja."

Jua lilikuwa kali. Nelima akatoka. Aoko akaegemea kaunta, akashusha sauti.

"Najua, Mama Bakari. Mwaka juzi nilienda hospitali. Daktari alisema macho inazima polepole na hakuna dawa ya kuirudisha. Nikasema huyo daktari ni mtoto tu. Penseli ikiwa mbaya, kuna ingine dukani. Ndiyo maana nilikuwa nataka iwe penseli."

Nililia. Yeye hakulia. Aliniomba kitu kimoja tu, kina mama wasijue, maana wakijua wataanza kumletea unga na kumhurumia, na yeye hajazoea.

Alhamisi nilifunga duka mchana kweupe, nikaenda Nyamasaria. Niliingia kwenye kikao chao cha kanisa na buibui langu, wakanipisha kiti kwa mshangao. Nikasimama, nikasema kwamba penseli nilizomuuzia Aoko zilikuwa mbovu. Nikasema kosa ni langu na naomba radhi. Waliguna. Mwenyekiti akanitazama kwa dharau, akasema, kumbe. Aoko alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele, ameinamisha kichwa.

"Ni kweli," Nelima akasema. "Mimi niliona mwenyewe."

Kazi ikabaki kwa Aoko.

Jumamosi waliingia dukani wote wawili, Nelima amemshika mkono kama marafiki wa siku nyingi wanavyoshikana. Nilishaweka 6B tayari juu ya kaunta. Aoko akatikisa kichwa.

"Nipe HB. Nelima atashika penseli. Mimi nitamwambia ua linapinda wapi."

Akaitoa bafta mkobani, akampa Nelima. Nelima akailamba ncha kama alivyoona ikifanywa miaka yote, akapiga mstari chini ya ule mweusi. Ulikuwa mwembamba, sawa na ule wa 1986.

"Unaonekana?" Aoko akauliza.

"Unaonekana," tukasema.